Desemba kanisa halitoshi, Februari wamebaki bibi na wajukuu: mchungaji mpya naomba ushauri

Mchunga_Migombani

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Mimi ni mchungaji wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri. Nimebarikiwa si muda mrefu baada ya masomo ya uchungaji chuoni Makumira, nikapangiwa usharika wa ukanda wa juu mkoani Kilimanjaro. Usharika wenyewe sitautaja, na habari za watu nimezibadilisha kidogo ili mtu asitambulike.

Usharika wangu una sura mbili. Kuanzia katikati ya Desemba magari yanajaa kutoka barabarani mpaka lango la kanisa. Watu wamepanda kutoka Dar, Arusha, Dodoma, wengine Nairobi. Ibada ya Krismasi wengi wanaisikiliza nje, chini ya maturubai. Ubatizo, ndoa, shukrani za familia, vyote vinasubiri wiki hizo. Ikifika katikati ya Januari wameshuka, na mimi nabaki na wazee, hasa kina mama wajane, wajukuu walioachiwa, na vijana wachache wa bodaboda na vibarua vya shambani.

Sasa baraza la wazee linataka tubomoe kanisa tulilonalo tujenge kubwa zaidi. Washarika walioko Dar wana kamati yao na wameshaanza kutoa ahadi. Jengo silipingi, maana kweli Desemba halitoshi. Ila nikitembelea nyumba kwa nyumba huko migombani nakutana na mengine. Kuna mama ambaye hajashiriki Meza ya Bwana muda mrefu kwa sababu magoti hayamruhusu kupanda kilima. Watoto wake wanamlipia ahadi, yaani sadaka yake ya mwaka, bila kukosa. Kwenye vitabu vyetu yeye ni msharika hai kabisa, lakini hajaliona kanisa, na kanisa halijamwona.

Halafu misiba. Mwili unafika usiku kutoka Dar, asubuhi ibada, mchana tunazika kihambani, kwenye shamba la familia. Natakiwa kuhubiri na kufariji watu mbele ya jeneza la mtu ambaye sikuwahi kumpa mkono. Wasifu unasomwa: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, ameacha mke na watoto. Nasimama pale nikiona familia hii ilistahili mchungaji aliyemjua baba yao.

Nina maswali mawili. Kwanza, mimi ni mgeni, tena kijana, na wazee wa baraza wana umri wa baba yangu. Nitawaambiaje kwamba pamoja na jengo tunahitaji fungu la kuwatunza watu majumbani? Pili, wenzangu niliosoma nao wananishauri niombe nafasi ya shahada ya uzamili au nihamie usharika wa mjini, kwa sababu huku "watu hakuna". Moyo wangu uko huku. Je, huu ni wito, au ni joto la mwanzo tu litakalopoa?

Mzee_wa_Baraza

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa vipindi kadhaa, ukanda huo huo wa juu.

Neno hili usilipeleke kwenye kikao likiwa la kwanza kusikika. Mfuate kila mzee nyumbani kwake, mkae, mwongee mengine kwanza, ndipo ulitoe. Mzee wa Kichaga akilisikia jambo mara ya kwanza mbele za watu, hata kama ni jema atalipinga ili apate muda wa kulifikiri.

La pili ni zito zaidi. Usiruhusu mjadala uwe "jengo au watu". Hilo kanisa mnalotaka kubomoa, mawe yake yalibebwa kichwani na mama zao kutoka mtoni. Wengine walikuwa watoto, walibeba pia. Wanapotaka kujenga wanataka kuwafanyia wajukuu kile walichofanyiwa na wazazi wao. Hiyo nayo ni imani, iheshimu.

Na ukienda kutembelea wagonjwa usiende peke yako. Mchukue mzee wa mtaa husika, akae kwenye kile kigoda amsikilize yule mama. Siku ya kikao atakayeongea ni yeye, wewe utakuwa unaandika tu.

Mama_Mchungaji_KKKT

Shalom mtumishi mwenzangu. Mimi ni mchungaji (siyo mke wa mchungaji, jina langu huwachanganya watu).

Kuhusu misiba: marehemu aliyeishi Dar alikuwa na usharika wake huko, na mara nyingi jumuiya yake ya nyumba kwa nyumba. Taarifa ya msiba ikifika, omba namba ya mchungaji wake wa kule umpigie kabla mwili haujaanza safari. Uliza: alikuwa anaimba kwaya gani? Aliugua muda gani, na nani alikuwa anaingia kumwombea? Alikuwa na ugomvi na nduguye ambao haujaisha? Swali hilo la mwisho usiliruke, kwa sababu wale ndugu wawili watakuwa wamesimama pande mbili za kaburi lako. Mazungumzo ya dakika kumi yatakupa mahubiri ambayo wasifu hauwezi kukupa.

Kuhusu wagonjwa: tenga siku moja ya wiki ya Meza ya Bwana majumbani, siku ambayo hata kikao cha jimbo hakiigusi isipokuwa kwa dharura. Kila mwinjilisti awe na daftari la wasiofika kanisani katika mtaa wake.

Nikueleze kwa nini nalishikilia hili. Nilipofika usharika wangu wa kwanza, walikuwepo wazee ambao hawakuwahi kupokea Sakramenti mkononi mwa mwanamke, ingawa kanisa letu linabariki wachungaji wanawake tangu miaka ya 1990. Wapo waliokaa kwenye benchi wakati wa ushirika. Sikubishana nao. Nilianza na walio vitandani. Bibi mmoja kipofu ndiye aliyewaambia wanawe, "Mchungaji wetu amekuja, ana sauti nzuri." Baada ya hapo sikuhitaji kujitetea.

Mtoto_wa_Kihamba

Mimi ni mmoja wa hao wa Desemba. Naishi Dar, mama yuko mlimani.

Mchungaji, tunatuma hela ya jengo kwa sababu jengo ndilo tunaloombwa. Barua zote zinazotufikia ni za saruji, mabati, vigae. Sijawahi kupokea hata moja inayosema: mama yako hajashiriki tangu Pasaka, anahitaji mtu wa kumletea huduma nyumbani. Mama mwenyewe kwenye simu atasema tu "mimi mzima mwanangu, nyie mnaendeleaje".

Siku nikiletewa ujumbe wa namna hiyo nitatoa siku hiyo hiyo, na ndugu zangu watatoa. Wala hatutapunguza kwenye jengo. Desemba hii mtupe taarifa ya wazee wetu, waliotembelewa na wasiotembelewa, kabla mnada wa sadaka baada ya ibada haujaanza na watu hawajaanza kutawanyika.

Mwl_Historia

Mchungaji, unalouliza limeulizwa mlimani hapo muda mrefu. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walianza kazi Machame mwaka 1893. Mwaka 1902 akaja mmisionari mwenzao Bruno Gutmann, ambaye kwa miaka mingi alihudumu Kidia, Old Moshi, mpaka aliporudi Ujerumani mwaka 1938. Msimamo wake ulikuwa kwamba usharika usijengwe juu ya mtu mmoja mmoja bali juu ya mafungamano ambayo Wachaga walikuwa nayo tayari: ukoo, ujirani na rika. Kanisa liingie humo, lisiyavunje.

Wapo waliompinga, na nadhani walikuwa na hoja. Aliiogopa miji na maisha ya kisasa, akatamani jamii ibaki ilivyokuwa, wakati kahawa na shule zilikuwa zimeshaanza kuwabadilisha watu. Msharika aliyekwenda mjini hakuwa na mahali pazuri katika picha yake.

Leo hali imegeuka. Ukoo upo, lakini umetawanyika mpaka Dar na ng'ambo, na unakutana kihambani kwenye misiba na Desemba. Rika limeondoka. Kilichobaki mlimani mwaka mzima ni ujirani. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia: nyumba ya jirani. Anayejua kama moshi umetoka jikoni kwa bibi leo ni jirani yake, mchungaji hawezi kujua.

Katekista_Rombo

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki lakini shida yenu ni yetu. Maaskofu wetu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walisisitiza jumuiya ndogondogo tangu mwaka 1976, na huku kwetu jumuiya ndiyo inayotaja wagonjwa. Kila wiki, kabla ya kumaliza sala, mwenyekiti anauliza: nani hatumwoni? Jina likitajwa, mtu wa kwenda anapatikana pale pale. Mnazo jumuiya zenu, jaribuni.

Boda_wa_Juu

Mchungaji shikamoo. Umetutaja sisi kwa maneno machache ukapita, "vijana wachache wa bodaboda". Naomba niseme.

Desemba majina yanayosomwa mbele ni ya waliotoka mjini. Fulani ametoa milioni, makofi. Sisi ndio tunachimba makaburi mwaka mzima, tunabeba majeneza kwenye utelezi wa Aprili, tunawapeleka wagonjwa hospitali usiku. Hatuna milioni. Kijana akiona hivyo anajua kwamba aliyebaki ndiye aliyeshindwa, na kanisani haendi, anakwenda kukaa kwenye mbege.

Bibi wa miaka themanini hapandi pikipiki, sawa. Lakini wewe unapanda. Tupangie zamu, tutakuzungusha kwa wagonjwa, utuwekee mafuta tu. Na tukifika usituache nje tunalinda pikipiki. Tuingie ndani, tuimbe na bibi.

Mstaafu_Mlimani

Mchungaji kijana, nimestaafu baada ya kuzunguka sharika nyingi. Nakujibu swali la pili.

Uhamisho usikusumbue, utakuja wenyewe, dayosisi haikuulizi moyo wako uko wapi. Kwa hiyo hii kazi ya majumbani usiijenge juu yako. Iandikwe kwenye mpango wa usharika, iwe na fungu lake katika bajeti, iwe chini ya kamati ya udiakonia, ile ya kuhudumia wahitaji, ili mwenzako atakayekupokea aikute inatembea. Nimeona kazi nzuri za wachungaji zikifa wiki ile ile walipopakia vyombo kwenye lori.

Shahada kasome, lakini siyo sasa. Kaa mpaka watoto uliowabatiza uanze kuwafundisha kipaimara, kama wakubwa wako watakuruhusu. Ukiwa umewajua hivyo, utakwenda chuoni na maswali ya kweli. Na hao wanaokuambia watu hakuna, waulize wanamaanisha watu gani.

Mchunga_Migombani

Nimesoma yote, mengine nimerudia. Mungu awabariki.

Nimeshaongea na mzee wa mtaa wa juu, Alhamisi tunakwenda pamoja kwa yule mama. Kamati yetu ya udiakonia ipo, mpaka sasa kazi yake kubwa imekuwa kugawa nguo na vyakula wakati wa Krismasi. Nitaomba wao ndio walete pendekezo la fungu la majumbani kwenye baraza, ili lifike mkutano mkuu wa usharika likiwa na mkono wa wazee. Mtoto_wa_Kihamba, taarifa ya wazee mtaipata kabla ya mnada.

Boda_wa_Juu, sijui uko usharika gani, ila hapa kwangu nimewaendea vijana wa kijiweni jana jioni. Wanne wamekubali zamu. Wanaomba wafundishwe nyimbo kwanza, maana wanaona aibu kuingia kwa bibi hawajui zaidi ya ubeti mmoja. Mwalimu wa kwaya anaanza nao Jumanne.

Mama Mchungaji, nina swali moja bado: bibi akiwa amepoteza kumbukumbu, hamtambui mtu wala hajui anachopewa, unampa Meza ya Bwana au unamwombea tu?

Mama_Mchungaji_KKKT

Mwimbie kwanza wimbo aliofundishwa akiwa mtoto, au sema naye Baba Yetu polepole. Kama midomo yake inafuata, mimi humpa. Kama haifuati, namwekea mkono na kumbariki, na ninampa yule binti anayemtunza, maana naye mara nyingi hajafika kanisani kwa muda ule ule. Lakini ongea na mkuu wako wa jimbo ujue utaratibu wa dayosisi yenu kabla hujaanza.