Mrejesho: Mtoto na dawa mbili zenye paracetamol

Ndugu zangu, asanteni sana. Juzi niliuliza kama mwanangu wa miaka 2 mwenye homa anaweza kupewa syrup ya paracetamol pamoja na ile ya mafua, mkanisisitiza nisome chupa zote mbili. Nikazisogeza kwenye taa: zote zina paracetamol! Nilikuwa namzidishia bila kujua, na dawa hii ikizidi inaharibu ini hata kama mtoto anaonekana mzima. Mikono ilinitetemeka.

Alfajiri nikaenda zahanati na chupa zangu. Daktari akahesabu nilichompa, akasema bado hakijafikia kiasi cha hatari. Ya mafua niiache kabisa. Akampima uzito, kilo 12: miligramu 15 kwa kila kilo, yaani 180. Syrup yangu ina miligramu 120 kwa mililita 5, kwa hiyo ni mililita 7.5 kila baada ya saa 6, zisizidi mara 4 kwa siku. Nipime kwa bomba la sindano (bila sindano), si kijiko cha jikoni.

Alipimwa na malaria, ikaonekana ipo, ameanza dawa mseto. Leo ameomba uji mwenyewe.