Betri za AA kuchajia simu umeme ukikatika, inawezekana?

Wakuu habari, huku Mbagala umeme ukikata simu nayo haichelewi kuzima, sasa nina kikasha cha betri 4 za AA nimekitoa kwenye gari bovu la kuchezea la dogo, nikiziunga si napata volti 6? Naweza kuchomeka simu moja kwa moja?

— Usithubutu mkuu, simu inataka volti 5. Unga betri 6 mfululizo upate volti 9 then weka reguleta ya 7805 (kidude cha kushusha volti hadi 5), hiyo inahitaji kama volti 2 za ziada ndo ifanye kazi so volti 6 zako hazitoshi.

— 7805 uchomaji hela tu, volti zilizozidi zote zinaishia kuwa joto. Kariakoo zipo modyuli za kushusha volti zenye tundu la USB kabisa. Na usinunue betri za kaboni za bei chee, simu inavuta ampea nyingi zitalala chap, chukua alkalaini.

— Na ile ya mraba ya volti 9 je?

— Achana nayo, ina kama mAh 500 tu (mAh ni kipimo cha chaji betri inayobeba), simu ya mAh 5000 haishtuki. Kwa redio ndogo sawa.