Rauta ndogo ya bei nafuu kwa CNC ya kujiundia, nichukue ipi?

mbao_na_waya
Wakuu habari za leo. Niko Moro, naunda CNC (mashine inayoongozwa na kompyuta) ya kuchongea mbao, fremu ni profaili za alumini, eneo la kazi sentimita 60 kwa 60, stepa mota (zinazozunguka hatua kwa hatua) saizi ya NEMA 23, inaendeshwa na kibodi kidogo cha Arduino Uno chenye GRBL, programu ya kuongoza CNC. Nimeifunga kalamu inachora vizuri kabisa, sasa nimefika kwenye kichwa cha kukatia, yaani rauta, ile mota ya mkononi inayozungusha biti ya kukatia, ndo nimekwama. Kazi zangu ni vibao vya majina, milango ya makabati ya MDF na nakshi kwenye mninga. Bajeti laki mbili, nikijikaza naongeza kidogo. Kariakoo nimekuta Makita 3709, nikakuta za Kichina zisizo na jina zimeandikwa wati 800 bei nusu, halafu kuna jamaa ananiuzia spindo (mota ya kukatia ya CNC) ya DC wati 500 na pawa saplai yake. Mimi naegemea hiyo ya wati 800. Mnasemaje?

fundi_kabati
Mkuu wati zisikuchanganye. Kwa mashine ndogo hivyo fremu itaanza kutetemeka kabla mota haijachoka. Cha kuangalia kwanza ni kama rauta ina sehemu ya kupunguza spidi, basi. Hiyo 3709 na nyingi za bei ya chini zina spidi moja tu, mizunguko 30,000 kwa dakika au karibu na hapo, ukiwasha ndo hiyo hiyo.

Piga hesabu uone. Tuseme unataka kila jino la biti ling'oe mm 0.05. Biti ya meno mawili kwa 30,000 inakupa 30,000 x 2 x 0.05, yaani mashine itembee mm 3,000 kwa dakika. Ndani ya mninga, CNC ya kujiundia? Stepa zitaruka hatua na kazi yote inaharibika. Kwa hiyo utashusha mwendo mpaka mia nane hivi na hapo biti haikati tena, inasugua, mbao inaungua inakuwa nyeusi, biti inapata moto na makali yanaisha upesi. Lakini ukiwa na rauta inayoshuka mpaka 10,000 ukaweka biti ya jino moja, hesabu inakuja mm 500 kwa dakika, mwendo ambao mashine yako inauweza. Angalia kinachotoka, ukiona maranda madogo madogo umepatia, ukiona unga laini kama sembe ujue unasugua. (MDF usiitumie kupimia, yenyewe hutoa unga siku zote.)

Ndo maana wenye CNC ndogo wengi wanaishia kwenye Makita RT0700C, wati 710, spidi 10,000 mpaka 30,000, na ina kifaa ndani kinachoshikilia spidi isishuke biti ikizama. Mwili ni duara la mm 65, umenyooka, na faili za kuprinti kishikio chake kwa printa ya 3D ziko kibao bure. DeWalt D26200 nayo ni nzuri, wati 900, ila spidi yake ya chini ni 16,000 na mwili ni mm 69.

seremala254
Nakubaliana na huyo bro. Chunga volti pia. Ukiona RT0701C mahali pa mitumba hiyo ni ya soko la Marekani, ya volti 120, ukiichomeka kwa stima yetu inachomeka kweli kweli. Kama original imezidi bajeti tafuta kopi zenye kidude cha spidi, kuna Katsu ya wati 710, mwili nayo mm 65 kwa hivyo siku ukipata Makita haubadilishi kishikio. Kabla ulipe shika shafti uisukume huku na huku, ikicheza hata kidogo iache hapo, hata kama bei ni tamu aje.

Bi Nakshi
Na hiyo spindo ya DC msiitupe haraka jamani. Inaishia 12,000 hivi, inatumia koleti (vibanio vya biti) za aina ya ER11 zinazoshika biti vizuri bila kuyumba, na haina kelele za kuamsha mtaa, mimi nachonga usiku na watoto wamelala. Kwa nakshi za mninga ukikata juu juu inatosha. Milango ya MDF ndo itakuchosha, maana inabidi upite mara nyingi.

mbao_na_waya
Asanteni sana, hesabu ya jino imenifungua macho. Je nikichukua 3709 nikaweka dima ya nje, kile kidude cha kupunguza umeme? Na hizi biti za Kichina za shina mm 3.175 zinaingia?

fundi_kabati
Dima itapunguza spidi kweli maana ni mota ya kaboni, lakini nguvu inashuka nayo na biti ikikutana na fundo la mbao spidi inaanguka, hakuna kinachoishikilia. Na rauta yenye kidude chake cha spidi usiiwekee dima kabisa. Kwa biti nunua koleti halisi ya 3.175 kuliko kile kibomba cha kupunguzia, kibomba kinaongeza kuyumba na biti nyembamba zinakatika. Halafu kaboni za mota zinaisha, nunua seti ya akiba siku hiyo hiyo. Kingine, cheche za kaboni zinasumbua limit swichi (zile za kusimamisha mashine ikifika mwisho), GRBL inasimama katikati ya kazi bila sababu, kwa hiyo waya za swichi zipitishe mbali na waya wa rauta, tumia zile zenye kinga na uziunge kinga upande mmoja tu.

mbao_na_waya
Basi jumamosi narudi Kariakoo, natafuta RT0700C au kopi ya mm 65 yenye spidi. Dada Bi Nakshi, kwenye mninga unashuka mm ngapi kwa mpito mmoja?

Bi Nakshi
Kwa biti ya mm 3, nusu milimita mpaka moja. Anza na nusu.