Mtaa wa hadithini kwenye kibao cha kweli: nani aulizwe kwanza?

Mleta mada: Wakuu, heshima mbele. Hoja yangu ni fupi: serikali za miji zisiyabandike majina ya riwayani wala ya televisheni mahali wanapoishi watu. Angalieni Zhongdian, mkoani Yunnan, China. Mwaka 2001 mji ule ulibatizwa Shangri-La, jina alilolibuni James Hilton kwenye riwaya ya 1933, lengo likiwa kuvuta watalii. Watibeti wa pale walikuwa na jina lao tangu zamani, Gyalthang. Kama mji mzima unamezwa na ndoto ya Mwingereza, mtaa mmoja utapona?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umeanzia mwisho. Mara nyingi hadithi ndiyo mkopaji. Matt Groening, mtunzi wa katuni ya televisheni ya The Simpsons, alikulia mtaa wa Evergreen Terrace, Portland, Marekani, kisha akaihamishia familia ya Simpson kwenye namba 742 ya mtaa wenye jina hilo hilo. Coronation Street nayo: tamthilia hiyo ya televisheni ya Uingereza ilianza 1960, wakati Uingereza ilishakuwa na mitaa ya jina hilo, kumbukumbu za kutawazwa kwa wafalme. Hapo serikali ya mji ikatae nini?

Mchangiaji wa pili: Mimi nasambaza vifurushi. Jina halinipi shida, mniulize habari ya namba. Mwandishi Conan Doyle alipompangishia Sherlock Holmes, mpelelezi wake wa hadithini, 221B Baker Street, mwaka 1887, namba za mtaa huo London hazikufika huko. Miaka ya 1930 zikapangwa upya, na 219 hadi 229 zikaangukia jengo la Abbey, taasisi ya mikopo ya nyumba. Barua za kumwomba Holmes msaada zikamiminika mpaka wakaweka katibu wa kuzijibu! Halafu 1990 likafunguliwa jumba la makumbusho, na mlangoni siku hizi pana 221B, ilhali majirani zake ni 237 na 241. Sasa nipe mzigo wa pale usiku wa mvua, mgeni wa mtaa. Natafuta baada ya 219, sioni kitu, narudi nyuma, nauliza, naambiwa nipande mbele. Mimi nitachelewesha kifurushi tu. Gari la wagonjwa je?

Mchangiaji wa tatu: Hahaa, kila dereva teksi wa London anapajua pale, na anayeishi humo hajawahi kuzaliwa. Mgonjwa gani huyo?

Tukirudi kwenye mada, kuna waliofanya kwa akili. New York, mwaka 2019, makutano ya West 63rd na Broadway yalipewa jina Sesame Street, kipindi cha televisheni cha watoto chenye jina hilo kikitimiza miaka 50. Ni jina la heshima: kibao kimeongezwa, West 63rd haijafutwa, na mkazi haendi popote kubadilisha anwani. Wincanton, Uingereza, mwaka 2009 waliita mitaa ya nyumba mpya Peach Pie Street na Treacle Mine Road, kutoka vitabu vya Terry Pratchett. Nyumba mpya, maana yake hakuna aliyenyang'anywa jina alilozaliwa nalo. Anayeona aibu kuandika pai la pichi kwenye fomu ya benki asinunue pale.

Mleta mada: Sawa, nalegeza. Mtaa mpya, ruksa. Kibao cha pili, ruksa. Mtaa wa zamani kubadilishwa jina, bado nakataa, labda wakazi wenyewe wapige kura.

Mchangiaji wa tatu: Kura zimeshapigwa, mkuu. North Tarrytown, jimbo la New York, 1996: wakazi walichagua kuitwa Sleepy Hollow, jina lililovumishwa na hadithi ya Washington Irving.

Mleta mada: Basi hao wamejichagulia, sina neno. Wa Zhongdian ndio ningependa kujua waliulizwa lini.

Mchangiaji wa kwanza: Na wale wa Evergreen Terrace? Mwandishi akilikopa jina lako, kura inapigwa wapi?