Wimbo wa Ba'mkubwa 🎸 (Familia)

Anti: Kanda aliyoiacha marehemu Ba'mkubwa isiguswe, ndiyo tutamalizia wimbo wake. Kwanza kichwa cha deki (mashine ya kuchezea kanda) kisafishwe kwa spiriti kali, asilimia 90 kwenda juu, na pamba. Halafu tazameni kile kisponji nyuma ya utepe. Kikibanduka, sauti za juu hazisikiki vizuri na programu ya kompyuta haitazirudisha.

Binamu: Ilishachezwa kwenye redio ya gari 😂

Anti: Na nani??

Anti: Naona tiki za bluu tu.

Mjomba: Sisi tulipiga kwa ufunguo wa A. Hii naisikia kati ya A na B flati.

Anti: Umesikia sawa, Mjomba. Deki ya wakati ule ilizunguka polepole, kwa hiyo sasa kanda inakimbia. Pimeni ule mngurumo wa umeme ulionaswa kwenye kanda. Umeme wetu ni hezi 50. Ukisomeka 51.5, kanda imezidi asilimia 3, yaani robo toni. Punguzeni kasi mpaka urudi 50, NDIPO muufute. Mkianza kwa kuufuta mmetupa rula. Na mkisimamisha kanda mngurumo ukabaki, huo ni wa deki yenu, msiupime.

Mama Mdogo: Jumapili chapati analeta nani?

Binamu: Rock na chapati 😂😂

Anti: Jamani! Sauti na gitaa viko pamoja, vitatenganishwa. The Beatles walikwama hapohapo na Now and Then, wimbo ambao marehemu mwenzao John Lennon aliuacha kwenye kanda: piano ilimfunika Lennon, mwaka 1995 wenzake wakauacha. Programu ya kina Peter Jackson, yule mwongozaji filamu, ikaitoa sauti, wimbo ukatoka 2 Novemba 2023, na gitaa alilopiga mwenzao George Harrison 1995 limo. Ila sauti ikichujwa sana, "s" na "sh" zinakuwa za majimaji. Rudisheni gitaa la zamani kidogo chini yake, litaficha.

Ba'mdogo: Ndiyo naona sasa. Ngoma nitapiga. Ila kwenye lebo ya ile santuri tulikuwa wanne, mkaandika watatu.

Mjomba: Ungekuja mazoezini ungeandikwa.

Anti: Tusianze. Ba'mdogo, wimbo unaanza mapigo 92 kwa dakika unaishia 97, hakuna kliki (mlio wa kuhesabia mapigo). Usiukaze kwenye gridi ya programu. Nitakuchorea tempo (kasi ya wimbo) baa kwa baa, wewe umfuate marehemu.

Binamu: Ubeti wa pili haupo. Kuna programu inaiga sauti yake, dakika tano tu.

Mama Mdogo: Hee!

Bibi (nimemwandikia mimi, mjukuu): Nimewasikia wote. Mwanangu ubeti huo hakuuimba. Msimwimbishe.

Anti: Tumesikia, Bibi.

Anti: Asubuhi njema. Basi hapo ni solo, baa 16. Hata McCartney wa Beatles alikiacha kipande ambacho Lennon hakukimalizia. Mjomba, besi Ijumaa: WAV, biti 24, bila riverbu (mwangwi), faili lianzie sekunde sifuri hata kama unaingia baadaye. La sivyo tutabahatisha mahali pa kulipanga.

Mjomba: Ijumaa kuna msiba Korogwe.

Anti: Alhamisi basi.

Ba'mdogo: Na jina?

Anti: Majina na mgao wa mapato vinaandikwa kabla ya kutoa wimbo, jumla ifike asilimia 100, wote tusaini. Fungu la marehemu ni la watoto wake.

Ba'mdogo: Nikiona karatasi ndiyo nafunga ngoma.

Anti: Jumapili tutaandika.

Mjomba: Jumapili ipi?