Tupeane uzoefu: mradi wa barabara au reli uliochelewa ulikugusaje?

Wakuu, jana nimepita Mbagala nikakumbuka ile miaka Barabara ya Kilwa ilivyochimbwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi. Mradi umeanza 2019, barabara ikaisha, vituo vikakaa vitupu, basi tumeanza kupanda 2025. Nilikuwa na duka Rangi Tatu, wateja walikuwa hawawezi hata kuvuka mtaro, nikafunga. Nyie je?

Wa Zakhem: Umenikumbusha vumbi lile. Watoto walikohoa mwaka mzima.

Mtu wa Moro: SGR, treni ya umeme ya Dar–Moro. Jiwe la msingi 2017, tukaambiwa 2019 tunapanda, tumekuja kupanda Juni 2024.

Dodoma Makazi: Lakini sasa hivi Dar hadi huku masaa manne hayafiki, basi lilikuwa linakula siku nzima. Mnalalamika nini?

Mtu wa Moro: Mkuu hakuna aliyesema treni mbaya. Nasema tarehe. Wenzio wa Mwanza–Isaka, kilomita 341, jiwe limewekwa 2021, waulize wamepanda nini.

Msukuma wa Sengerema: Mimi la kwangu ni Kigongo–Busisi, pale tunapovuka ziwa kwenda Mwanza. Daraja limeanza kujengwa 2020 sisi tunaendelea na kivuko, sasa dada yangu akashikwa na uchungu usiku, mimba ilikuwa na shida tukaambiwa mpelekeni hospitali ya Bugando, Mwanza, tumefika Busisi kivuko kiko ng'ambo, malori yamepanga, nguzo za daraja unaziona zile pale zimesimama majini na huwezi kupita, dada analia mpaka sauti imekata, dereva wa Noah naye analia, mama mmoja muuza samaki akatoka kwenye foleni akasema shusheni viti, akampokea mtoto palepale. Kivuko kimekuja mtoto keshazaliwa. Niliposikia daraja limefunguliwa Juni 2025 nilikaa chini nikalia kama mtoto.

Wa Zakhem: Mungu wangu. Mtoto yupo?

Msukuma wa Sengerema: Yupo, na mama yake mzima.

Dereva IT: Kwa nini hamkupita kivuko cha Kamanga?

Msukuma wa Sengerema: Usiku huo Kamanga kuna kivuko gani ndugu? Au tungezunguka Kahama na Shinyanga na mama mwenye uchungu?

Dodoma Makazi: Hapo nimekuelewa. Pole sana, mtusalimie dada.

Mama Kimara: Na mimi nishauri, nyumba ikipigwa X ya kubomolewa kupisha mradi, piga picha kila chumba kabla hujabomoa, tunza risiti zote.

Dereva IT: Picha hazilipi mama. Wahi serikali ya mtaa, jina liingie kwenye daftari la uthamini.

Mama Kimara: Sisi tuliobomolewa 2017 kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara hakuna daftari lililotusaidia. Fanyeni vyote viwili.

Mtu wa Moro: Au usinunue kiwanja barabarani kabisa.

Wa Zakhem: Yule mama wa samaki mlimpata tena?

Msukuma wa Sengerema: Tulimpata. Mtoto anaitwa jina lake.