Mrejesho: wadudu weupe kwenye rafu si kunguni

Niliuliza kama vidudu vyeupe vya milimita 1 hivi kwenye rafu ya vitabu ni watoto wa kunguni. Sivyo. Ni chawa wa vitabu, na licha ya jina hilo hawaumi wala hawanyonyi damu. Mnase mmoja kwa selotepu, umtazame kwa lenzi inayokuza mara 10: vipapasio virefu kama uzi, kichwa kikubwa, mwili laini. Mtoto wa kunguni ni bapa, vipapasio vyake vifupi, na akishanyonya tumbo huwa jekundu.

Kupuliza dawa tu hakutoshi, kwani chakula chao, ukungu, kinabaki palepale. Futa rafu, isogeze mbali na ukuta, na unyevu wa hewa ubaki chini ya asilimia 50 kwa wiki kadhaa.